Tarehe iwe tarehe kwanza, ndipo upange: kuunganisha kumbukumbu za vyanzo vitatu kwa PHP

Mleta uzi

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni kwa yeyote anayeunganisha kumbukumbu kutoka sehemu mbili tatu kisha anataka zijipange kwa tarehe. Ukiitazama kwa mbali ni kazi ya mstari mmoja. Mimi ilinila siku nne, na siku tatu kati ya hizo nilikuwa nahangaika na amri ya kupanga, wakati amri ya kupanga haikuwa na tatizo lolote. Tarehe ndizo hazikuwa tarehe.

Kazi yenyewe ilikuwa taarifa ya akaunti za wateja. Mauzo yako kwenye hifadhidata, malipo yanakuja kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi tupu, safuwima zikitengwa kwa mkato), marejesho yanatoka kwenye programu ya simu. Yote yanatakiwa kukaa kwenye orodha moja, ya zamani juu na mapya chini, na pembeni ya kila mstari kuna salio linalopanda na kushuka. Salio hilo ndilo lililoumbua kila kitu. Mteja aliyelipa kwanza ndipo akachukua mzigo alionekana ana deni la majuma kadhaa, halafu ghafla deni limefutika. Jumla ya mwisho ilikuwa sahihi muda wote, kwa kuwa kujumlisha hakujali nani katangulia, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

Tazameni jinsi kila chanzo kilivyoandika wakati:

```
mauzo:      2024-03-05 11:20:00
malipo:     05/03/2024 14:25
marejesho:  1709638800000
```

Matukio haya matatu ni ya siku moja na yamefuatana ndani ya dakika ishirini. Hifadhidata inaandika kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa za rejea. Faili la malipo linaandika kwa saa za mahali, ambazo zimetangulia UTC kwa saa tatu, na linaanza na siku, kisha mwezi. Programu ya simu inahesabu milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku ya UTC. Ukizipeleka zote kwenye saa za mahali unapata 14:20, 14:25 na 14:40. Ukizitazama kwa macho tu, huoni hivyo.

Nianze na nilipokosea kwanza kabisa. Niliunganisha hivi, kwa lugha ya programu ya PHP:

```php
$zote = $mauzo + $malipo + $marejesho;
```

Alama ya kujumlisha kati ya orodha mbili za PHP haifanyi unachodhani. Inaangalia funguo. Ufunguo ambao tayari upo upande wa kushoto unabaki kama ulivyo, na wa kulia unatupwa kimya kimya. Orodha zako zikiwa zimehesabiwa 0, 1, 2 na kuendelea, mauzo 200 yakijumlishwa na malipo 150 yanabaki 200 yale yale ya mauzo. Malipo yote yamepotea na hakuna onyo hata moja. Anayetaka kuunganisha orodha za namna hii atumie `array_merge`, ambayo inazihesabu upya kuanzia sifuri.

Baada ya hapo nikapanga kwa kulinganisha maandishi yenyewe. Kwa mauzo peke yake ilifanya kazi vizuri, kwa sababu muundo unaoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila namba ikiwa na sifuri zake za mbele, una sifa nzuri sana: mpangilio wa herufi ni mpangilio wa wakati. Muundo huo umo kwenye kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1988, na kama una uwezo wa kumshawishi anayekutumia data aandike hivyo, mshawishi leo. Lakini `05/03/2024` inaanza na siku. Kwa kompyuta inayosoma herufi kutoka kushoto, tarehe 5 Machi inatangulia tarehe 12 Januari, kwa kuwa 05 ni ndogo kuliko 12.

Nikasema basi, nitumie `strtotime`, amri ya PHP inayogeuza maandishi kuwa wakati. Hapa ndipo palipo na mtego mbaya kuliko yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

`strtotime` inakisia. Ikiona mikwaju, inachukulia kuwa umeandika kwa mtindo wa Marekani: mwezi, siku, mwaka. Ikiona vistari au nukta katika tarehe inayoishia na mwaka wa tarakimu nne, inachukulia siku, mwezi, mwaka. Kwa hiyo `05-03-2024` ni tarehe 5 Machi, ila `05/03/2024` ni tarehe 3 Mei. Maandishi yale yale, alama tofauti, miezi miwili mbali. Kama siku yako ni 12 au pungufu, siku na mwezi vinabadilishana nafasi na hutapata kosa lolote. Kama siku ni 13 na kuendelea, hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo unarudishiwa `false`.

Na hiyo `false` ikiingia kwenye kulinganisha inahesabiwa kuwa ndogo kuliko namba yoyote isiyo sifuri. Matokeo yake, malipo yote ya tarehe 13 hadi 31 yanarundikana juu kabisa ya orodha, na yale ya tarehe 1 hadi 12 yanatawanyika kwenye miezi isiyo yake. Ukiona orodha yako ina sura hiyo, acha kutafuta. Ugonjwa ni huo.

Nilichofanya hatimaye ni kuacha kukisia kabisa. Kila chanzo nakisomea kwa muundo wake, mlangoni, kabla hakijakutana na vingine:

```php
$utc  = new DateTimeZone('UTC');
$hapa = new DateTimeZone('+03:00');

function somaTarehe(string $andiko, string $muundo, DateTimeZone $ukanda): DateTimeImmutable
{
    $t = DateTimeImmutable::createFromFormat('!' . $muundo, $andiko, $ukanda);
    $makosa = DateTimeImmutable::getLastErrors();

    if ($t === false || ($makosa && $makosa['warning_count'] > 0)) {
        throw new RuntimeException("Tarehe haisomeki: $andiko");
    }
    return $t->setTimezone(new DateTimeZone('UTC'));
}
```

Kisha kila kumbukumbu inavalishwa sare moja:

```php
$zote = [];

foreach ($mauzo as $m) {
    $zote[] = [
        'wakati' => somaTarehe($m['tarehe'], 'Y-m-d H:i:s', $utc),
        'aina'   => 'mauzo',
        'asili'  => $m,
    ];
}
foreach ($malipo as $p) {
    $zote[] = [
        'wakati' => somaTarehe($p['siku'], 'd/m/Y H:i', $hapa),
        'aina'   => 'malipo',
        'asili'  => $p,
    ];
}
foreach ($marejesho as $r) {
    $zote[] = [
        'wakati' => new DateTimeImmutable('@' . intdiv($r['ms'], 1000)),
        'aina'   => 'marejesho',
        'asili'  => $r,
    ];
}

usort($zote, fn($a, $b) => $a['wakati'] <=> $b['wakati']);
```

Mstari wa mwisho ndio ule mstari mmoja nilioufikiria siku ya kwanza. Haukubadilika. Kilichobadilika ni kinachoingia ndani yake.

Angalieni sehemu ya `asili`. Nimeibakiza kumbukumbu nzima kama ilivyokuja, maana siku mtu akiuliza mstari fulani umetoka wapi, nataka kumwonyesha maandishi halisi ya chanzo, si tafsiri yangu.

Opereta ya kulinganisha `<=>` ipo tangu PHP 7.0, na uandishi mfupi wa `fn` tangu 7.4. Mwenye toleo la zamani zaidi ya hapo aseme, nitamwandikia kwa namna nyingine.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, asante kwa somo. Lakini mbona unajitesa? Hifadhidata inajua kupanga kuliko PHP. Ingiza lile faili la CSV kwenye jedwali, halafu:

```sql
SELECT wakati, 'mauzo' AS aina, kiasi FROM mauzo
UNION
SELECT wakati, 'malipo', kiasi FROM malipo
ORDER BY wakati;
```

Umemaliza.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe mkuu, kama vyanzo vyote vinaishi kwenye hifadhidata moja, hiyo ndiyo njia bora. Inapanga haraka, inaweza kutumia faharasa, na unaweza kuomba mistari 50 ya kwanza bila kubeba yote.

Ila badilisha neno moja. `UNION` tupu inaondoa mistari inayofanana. Mteja akifanya malipo mawili ya kiasi kile kile ndani ya dakika ile ile, na faili lako halina sekunde, moja linafutwa na deni linabaki. Andika `UNION ALL`. Kwenye mambo ya pesa sijawahi kuona sababu ya kutumia ile nyingine.

Na kumbuka kwamba kuingiza CSV kwenye jedwali hakukuondolei kazi ya kusoma tarehe. Umeihamisha tu. Ukiingiza `05/03/2024 14:25` kwenye safuwima ya maandishi, `ORDER BY` itapanga herufi kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza.

Mchangiaji wa 2

Ndugu mleta uzi, mimi nina shida inayofanana na hiyo. Data yangu ina tarehe tu, haina saa. Natumia `createFromFormat('d/m/Y', ...)` kama wewe, ila bila ile alama ya mshangao kwa sababu sikujua kazi yake. Kila nikiendesha skripti, kumbukumbu za siku moja zinakaa vingine. Jana kumbukumbu ya hifadhidata ilikuwa chini, leo iko juu. Data haijaguswa.

Mleta uzi

Dada, kazi ya ile alama ndiyo hiyo hasa unayoitafuta.

Ukiiambia `createFromFormat` isome siku, mwezi na mwaka tu, vile ambavyo hukuvitaja inavijaza kwa saa ya sasa hivi. Ukiendesha skripti saa tatu asubuhi, kila tarehe yako inapewa saa tatu asubuhi na dakika na sekunde zake. Ukiendesha jioni, zinapewa jioni. Kumbukumbu ya hifadhidata yenye saa yake halisi, tuseme saa sita mchana, haijasogea. Zako ndizo zinazoruka kutoka upande mmoja wa saa sita kwenda mwingine.

Alama ya `!` mwanzoni mwa muundo inarudisha kila kitu sifuri kabla ya kusoma. Tarehe isiyo na saa inakuwa saa sita usiku kamili, leo, kesho na siku zote.

Na kwa kuwa umenifungulia mlango: amri hiyo hiyo ina ukarimu mwingine usiofaa. Ukiipa `31/02/2024` haikatai. Inahesabu mbele na kukupa tarehe 2 Machi 2024. Inaacha onyo tu, ambalo usipolichungulia kwa `getLastErrors` hutaliona. Ndiyo maana nimeliweka sharti lile kwenye `somaTarehe`. Kuanzia PHP 8.2 amri ya `getLastErrors` inarudisha `false` pasipokuwa na tatizo, ilhali zamani ilirudisha orodha yenye sifuri, kwa hiyo nimeandika sharti linalofaa kote kuwili.

Mchangiaji wa 3

Kuna jambo sijaliona kwenye msimbo wako. `intdiv($r['ms'], 1000)` imetupa milisekunde. Marejesho mawili ndani ya sekunde moja yatakuwa sawa, nani atatangulia?

Mleta uzi

Umeona vizuri kaka, hapo nilirahisisha kupita kiasi. Irekebishwe hivi:

```php
$sek = sprintf('%d.%03d', intdiv($r['ms'], 1000), $r['ms'] % 1000);
$wakati = DateTimeImmutable::createFromFormat('U.u', $sek);
```

Kulinganisha tarehe katika PHP kunazingatia sehemu za sekunde tangu toleo la 7.1, kwa hiyo milisekunde zitahesabiwa.

Lakini swali lako lina kina kuliko hapo, na ndilo nililotaka mtu aulize. Vyanzo vyangu havina ukali sawa. Simu inajua milisekunde, hifadhidata inajua sekunde, faili la malipo linajua dakika tu. Malipo yaliyofanyika 14:25:48 yameandikwa 14:25, nami nikiyasoma yanakuwa 14:25:00. Mauzo ya 14:25:30 yatakaa baada yake, kumbe kwa kweli yalitangulia. Hapo hakuna kosa la kusoma. Taarifa haimo kwenye faili, na hakuna msimbo utakaoirudisha.

Nilichoamua ni kulinganisha kwa ukali wa chanzo kilicho butu kuliko vyote, yaani dakika, kisha ndani ya dakika moja nifuate kanuni niliyoiandika wazi:

```php
$daraja = ['mauzo' => 1, 'malipo' => 2, 'marejesho' => 3];

usort($zote, fn($a, $b) =>
    [$a['wakati']->format('YmdHi'), $daraja[$a['aina']], $a['wakati']]
    <=>
    [$b['wakati']->format('YmdHi'), $daraja[$b['aina']], $b['wakati']]
);
```

PHP inalinganisha orodha mbili zenye urefu sawa kitu kwa kitu: dakika kwanza, zikilingana inatazama daraja, likilingana inatazama wakati kamili. Kwa hiyo marejesho mawili ya dakika moja bado yanafuatana kwa milisekunde zake. Hii inawezekana kwa sababu kila kitu kimeshapelekwa UTC. Bila hivyo `format` ingetoa saa za ukanda wa kila kumbukumbu, na tungerudi tulikotoka.

Kwamba mauzo yatangulie malipo si uamuzi wangu kama mwandishi wa programu. Nilimuuliza mwenye hesabu, akachagua, nikaandika. Katika kazi nyingine huenda ni kinyume. Muhimu ni kwamba uamuzi upo na unasomeka, haujaachwa kwenye bahati.

Mchangiaji wa 4

Mimi natumia `return $a['wakati'] > $b['wakati'];` miaka yote na haijawahi kunisumbua. Tofauti ni nini?

Mleta uzi

Tofauti ni kwamba `usort` inasubiri jibu la aina tatu: chini ya sifuri, sifuri, juu ya sifuri. Wewe unaipa majibu mawili: ndiyo, ambayo ni 1, na hapana, ambayo ni 0. Sifuri maana yake "hawa ni sawa". Kwa hiyo kila a iliyo ndogo kuliko b unaiambia PHP kwamba zinalingana. Tangu PHP 8.0 inakupa onyo kwamba mtindo huo unaondolewa, na kwa sasa inakubeba kwa kuuliza mara ya pili huku imegeuza pande.

Kuna ndugu yake: kutoa, yaani `return $a['s'] - $b['s'];`. Kwa namba kamili inafaa. Kwa sekunde zenye desimali jibu linakatwa kuwa namba kamili, kwa hiyo tofauti ya nusu sekunde inakuwa sifuri, na kumbukumbu mbili tofauti zinahesabiwa sawa. Tumia `<=>`, huna cha kupoteza.

Kuhusu "haijawahi kunisumbua", nikuambie kitu kinachonitia wasiwasi hadi leo. Kabla ya PHP 8.0, ya Novemba 2020, kumbukumbu zinazolingana hazikuwa na uhakika wa kubaki katika mfuatano zilioingia nao. Lakini katika toleo la 7, orodha ndogo, isiyozidi vitu 16, ilipangwa kwa njia iliyohifadhi mfuatano huo. Kwa hiyo unajaribu kwa mistari kumi mezani kwako, inakubali. Unapeleka kwenye seva yenye mistari elfu kumi, inavurugika. Ukirudi kujaribu kwa mistari kumi, inakubali tena. Mwenye toleo la 7 kwenye seva yake aongeze namba ya mstari kama kigezo cha mwisho cha kulinganisha, asitegemee bahati.

Mchangiaji wa 5

Nami niongezee upande wa Python, maana wengi humu tunaitumia. Huku upangaji umehifadhi mfuatano wa awali kwa miaka mingi sana, tangu ilipoingia njia ya Tim Peters iitwayo Timsort, mwaka 2002. Na Python ina ukali mmoja ninaoupenda: ukijaribu kulinganisha tarehe yenye ukanda wa saa na isiyo na ukanda, inakataa kwa `TypeError`. Kosa la kuchanganya saa za UTC na saa za mahali lisingepita kimya, ikiwa upande mmoja umeandikwa ukanda wake.

```python
zote = sorted(mauzo + malipo, key=lambda k: (k["wakati"], k["daraja"]))
```

Kwa orodha za Python, alama ya kujumlisha inaunganisha kweli, haitupi kitu. Ila wageni waangalie: `zote.sort()` inapanga papo hapo na kurudisha `None`. Ukiandika `zote = zote.sort()` umeipoteza orodha yote.

Mleta uzi

Asante sana. Kwenye PHP nako lipo hilo: `$zote = usort($zote, ...)` inakuachia `true` mkononi badala ya orodha.

Mchangiaji wa 6

Wakuu, mimi faili langu lilipitia Excel kabla ya kunifikia. Baadhi ya mistari ina tarehe za kawaida, mingine ina namba kama 45292. Nilidhani ni sekunde za Unix, zile zinazohesabiwa tangu 1970, nikapata saa sita na nusu mchana ya tarehe 1 Januari 1970. Nifanye nini?

Mleta uzi

Hizo ni siku, si sekunde. Excel inahifadhi tarehe kama hesabu ya siku, na 45292 ni tarehe 1 Januari 2024. Sehemu ya desimali ni saa: 45292.5 ni saa sita mchana ya siku hiyo.

Ili uifikishe kwenye hesabu ya Unix, ondoa 25569, ambayo ni namba ya Excel ya tarehe 1 Januari 1970, kisha zidisha kwa 86400:

```php
$sek = (int) round(($namba - 25569) * 86400);
```

Ukikutana na maelezo yanayosema hesabu inaanza tarehe 1 Januari 1900 ukaona majibu yako yamepishana siku moja au mbili, hujakosea kuhesabu. Excel inauchukulia mwaka 1900 kuwa mrefu, kana kwamba ulikuwa na tarehe 29 Februari, kosa lililorithiwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili mafaili yaelewane. Kwa tarehe za baada ya hapo, hesabu inatoka sawa ukianzia tarehe 30 Desemba 1899.

Namba hizo hazina ukanda wa saa ndani yake. Ni saa za aliyeandika. Ukishapata sekunde, zigeuze kuwa maandishi kwa `gmdate('Y-m-d H:i:s', $sek)`, kisha zipitishe kwenye `somaTarehe` pamoja na ukanda wa mahali zilikoandikwa.

Kwa wanaopokea namba tupu kwa jumla: kwa tarehe za miaka hii, tarakimu 5 ni siku za Excel, tarakimu 10 ni sekunde za Unix, tarakimu 13 ni milisekunde. Ni njia nzuri ya kutambua, lakini ukishatambua, muulize mwenye chanzo athibitishe.

Mchangiaji wa 7

Na kumbukumbu zisizo na tarehe kabisa? Mimi nina kama mia tatu. Nyingine ni tupu, nyingine zimeandikwa `0000-00-00`.

Mleta uzi

Zitenge kabla ya kupanga, uwe na orodha mbili. Usiziruhusu ziguse `new DateTimeImmutable()` hata kidogo, kwa sababu maandishi matupu inayasoma kama "sasa hivi", na kumbukumbu ya zamani isiyo na tarehe itaibuka chini kabisa kana kwamba imetokea leo. Na `0000-00-00`, ambayo MySQL ya zamani iliiruhusu, inasomwa kuwa tarehe 30 Novemba ya mwaka -0001. Hizo zitakuwa juu kabisa.

Ukilazimika kuzionyesha, zionyeshe mwishoni chini ya kichwa chake, na kwenye salio usizihesabu mpaka zipate tarehe. Hilo nalishikilia kwa nguvu. Tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko pengo, kwa kuwa pengo linaonekana.

Mchangiaji wa 1

Nimerudi. Ile `UNION` nimeibadilisha, na kweli kulikuwa na mistari 11 iliyokuwa imemezwa. Sasa swali: wateja wanataka ya karibuni iwe juu. Nipange halafu nitumie `array_reverse`?

Mleta uzi

Inategemea unataka nini ndani ya dakika moja. `array_reverse` inageuza kila kitu, pamoja na zile zinazolingana, kwa hiyo malipo yatakaa juu ya mauzo ya dakika ile ile. Kwa taarifa yenye salio hilo ndilo sahihi: unakokotoa salio kutoka ya zamani kuja mpya, kisha unageuza kwa ajili ya kuonyesha tu. Ukibadilisha nafasi za `$a` na `$b` kwenye kulinganisha, zinazolingana kabisa zinabaki katika mfuatano wa mwanzo, na hiyo inafaa kwa orodha ya habari au ujumbe.

Salio lenyewe usilikokotoe baada ya kugeuza. Nimeona watu wanafanya hivyo na kushangaa linaanza na hasi.

Mchangiaji wa 3

Mafaili yakiwa makubwa, mamilioni ya mistari? `usort` itamaliza RAM ya seva.

Mleta uzi

Hapo usiyapakie yote. Kama kila chanzo kimeshapangwa chenyewe, na mara nyingi kinaweza kupangwa kabla ya kukufikia, shika mstari mmoja tu wa kwanza kutoka kila kimoja. Linganisha hiyo mitatu, toa ya zamani kuliko zote, iandike, kisha vuta mstari unaofuata kutoka chanzo kile kile ulichotoa. Rudia hadi vyote viishe. Wakati wowote umebeba mistari mitatu tu mkononi. Kwenye PHP andika wasomaji wa faili kwa `yield`, inayotoa mstari mmoja mmoja, na vyanzo vikiwa vingi tumia `SplMinHeap`, inayokupa kilicho kidogo kuliko vyote kwanza. Kwenye Python imeshaandikwa: `heapq.merge`.

Sharti lake ni kali: chanzo kimoja kikiwa hakijapangwa, matokeo yanaharibika na hutaambiwa. Kwa hiyo kila unapovuta mstari mpya, hakikisha hauko nyuma ya uliotangulia kutoka chanzo hicho. Ukiwa nyuma, simamisha kazi.

Mchangiaji wa 2

Nimeongeza ile alama na sharti la onyo. Nimeendesha mara tano kwa saa tofauti, mpangilio haujasogea hata mstari mmoja. Ila sasa skripti imekataa mstari mmoja: `31/06/2023`. Zamani ulikuwa unapita kama tarehe 1 Julai na hakuna aliyejua. Niufanye 30 Juni tuendelee?

Mleta uzi

Hapana dada. Huenda aliandika 31 akikusudia 30, au aliandika 06 akikusudia 05 au 07. Umbali kati ya hizo ni miezi miwili, na wewe na mimi hatukuwepo. Mpelekee aliyeingiza, pamoja na namba ya mstari na maandishi yenyewe kama yalivyo kwenye `asili`. Akijibu, asahihishe kwenye chanzo chake, kisha endesha upya.